Mpwani Akitaka Kutazama Opera, Baleti au Tamthilia ya Muziki

Shangazi yangu wa Kibokoni, Mombasa, alikuwa ameshafungua pochi. Binti wa baleti ndiyo kwanza amemaliza kuzunguka, ukumbi mzima unapiga makofi, naye anatafuta noti ya mia mbili aende akamtunze, kama tufanyavyo kwenye taarab. Nikamshika mkono. "Shangazi, huku hawatunzwi." Akanigeukia kama niliyemvunjia heshima mbele za watu. "Amesimama kwenye ncha za vidole muda wote ule, halafu asitunzwe?"

Tulikuwa Nairobi, ndani ya Kenya National Theatre, na safari nzima niliipanga mimi: tiketi, treni, mahali pa kulala, hata koti alilovaa. Nilichosahau kumwambia ni hicho tu. Tangu siku hiyo kila anayesikia kisa hicho barazani huniuliza na yeye ataendaje, na atavaa nini, na ataelewa nini. Basi nayaweka hapa yote kwa mpangilio niufuatao mimi mwenyewe.

Kwanza, jua unaendea kipi

Bango likisema "onyesho la muziki" halijakwambia kitu. Vitu hivi ni vitatu, na kila kimoja kina subira yake.

Opera ni hadithi inayoimbwa. Wahusika wanagombana kwa kuimba, wanabembelezana kwa kuimba, na mgonjwa anakata roho huku anaimba. Ilianzia Italia, mjini Florence, karibu na mwaka 1600, na mwaka 1637 Venice ikafungua ukumbi wa kwanza ambao mtu yeyote mwenye pesa ya kiingilio aliweza kuingia. Waimbaji wake hawashiki maikrofoni. Hili ndilo la kusikiliza kwa makini. Mwimbaji aliyefunzwa huikusanya nguvu ya sauti yake kwenye eneo la mitetemo kama 3,000 kwa sekunde, pale ambapo fidla na tarumbeta za okestra hazina nguvu sana, kwa hiyo sauti ya mtu mmoja hupenya katikati ya ala zaidi ya hamsini ikamfikia aliyeketi nyuma kabisa. Wazee waliowahi kumsikia muadhini mwenye kifua, kabla misikiti haijawekewa vipaza sauti, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Baleti ni hadithi isiyo na neno hata moja. Mwili ndio unaosema. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliianzishia chuo mwaka 1661, na ndiyo maana mpaka leo majina ya hatua zake ni ya Kifaransa, iwe inachezwa Moscow au Nairobi. Ipo lugha ya mikono ambayo ukijua alama nne tu unakuwa umefunguliwa mlango. Mikono miwili ikizungushana juu ya kichwa: tucheze. Kidole kikionyesha kidole cha pete: ndoa. Vidole viwili vikiinuliwa juu: naapa. Ngumi mbili zikipishana mbele ya mwili: mauti. Ukiona ya tatu ikifuatwa na ya nne, kaa sawa kwenye kiti.

Tamthilia ya muziki ndiyo rahisi kwa anayeanza. Watu wanazungumza kama kawaida, mambo yakiwazidi wanaimba na kucheza, kisha wanarudi kuzungumza. Humo maikrofoni zimo. Mfano unaofahamika sana kwetu ni Sarafina! ya Mbongeni Ngema, iliyoanza Johannesburg mwaka 1987 na inayohusu wanafunzi wa Soweto walioandamana Juni 1976 wakikataa kusomeshwa kwa Kiafrikana. Imepandishwa jukwaani Nairobi pia, na ukiwa na watoto wa sekondari, anza nayo kabla ya opera. Opera ya saa tatu kwa mtoto aliyezoea video za dakika moja ni kumtesa yeye na kuwatesa walio kiti cha mbele yake.

Usiogope lugha

Hapa ndipo wengi hukwama. "Wataimba Kiitaliano, mimi nitafanya nini?" Nami huwajibu: mamako alifanya nini pale Naaz na Regal?

Mombasa ni mji ambao watu wazima walijaa kwenye sinema kutazama filamu za Kihindi, saa tatu nzima, hawajui neno la Kihindi zaidi ya matatu, na wakatoka macho mekundu wakijua nani kamdhulumu nani. Nyimbo wakaenda nazo nyumbani. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, alijenga jina lake kwa kuyatia mashairi ya Kimvita ndani ya mahadhi ya Kihindi, na hakuna aliyemuuliza cheti cha lugha. Sikio la mtu wa pwani limezoea kufuata hadithi kwa sauti, uso na mahadhi. Opera haidai zaidi ya hapo.

Tena si mbali nasi kama tunavyodhani. Mwaka 1869 Khedive Ismail wa Misri alifungua nyumba ya opera Kairo, na Desemba 1871 Aida ya Verdi ikachezwa humo kabla ya kuchezwa popote pengine duniani. Ni miaka hiyohiyo ambapo Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, anasimuliwa kuwa alimtuma Mohamed Ibrahim huko huko Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi inayoibeba taarab. Nchi moja, zama moja. Tulichochagua kurudi nacho ndicho kilichotofautiana.

Kumbi nyingi kubwa siku hizi huonyesha tafsiri kwenye ubao wa taa juu ya jukwaa, desturi iliyoanzia Toronto mwaka 1983. Ikiwepo, itumie kwa kuchungulia tu. Anayesoma ubao mwanzo mwisho anarudi nyumbani akiwa amesoma maandishi, onyesho limempita.

Hadithi uijue kabla ya kutoka nyumbani

Kama utafuata ushauri mmoja tu katika yote haya, fuata huu. Katika filamu ya kipelelezi, kuambiwa mwisho ni kuharibiwa. Katika opera na baleti ni kinyume: kila mtu ukumbini anajua mwisho. Wamekuja kuona utafikiwaje. Ni kama utenzi unaosomwa kwenye hafla. Nani hajui nani atakufa?

Wiki moja kabla, tafuta muhtasari wa hadithi, usome, kisha msimulie mtu. Kusimulia ndiko kunakoifunga kichwani. Mimi na shangazi tulikuwa tunaendea baleti, lakini kwenye treni nilimsimulia na opera moja ili muda uende, La traviata ya Verdi, iliyoanza kuchezwa Venice mwaka 1853. Nilimsimulia hivi.

Yuko mwanamke wa Paris anaitwa Violetta, mzuri, anaishi kwa pesa za mabwana, na ana kifua kikuu. Kijana anaitwa Alfredo anampenda kwa dhati. Violetta anaacha anasa zake, wanahamia shamba, wanaishi vizuri. Siku moja Alfredo hayupo, babake anabisha hodi. Anamwambia Violetta: nina binti anataka kuolewa, na wakwe wamesikia habari zenu, ndoa itavunjika. Muache mwanangu. Violetta analia, anakubali, anaondoka bila kumwambia Alfredo sababu. Alfredo anadhani amefuatwa na tajiri mwingine. Wanakutana kwenye karamu, Alfredo ametoka kushinda kamari, na mbele ya wageni wote anamrushia Violetta zile pesa: shika, tumelipana.

Shangazi alikuwa anamenya chungwa. Akasimama kumenya. "Alimtupia pesa mbele za watu?"

"Mbele za watu wote."

Akakaa kimya mpaka tukapita Voi. Ukweli utakuja, Alfredo atarudi kuomba radhi, lakini atamkuta Violetta kitandani na siku zimemwishia. Mfano huu ninautoa kwa kuwa hadithi hiyo haichukui hata dakika tano kusimuliwa, na mtu aliyeisikia mara moja akiingia ukumbini hatapotea hata wakiimba Kichina.

Upande wa baleti, inayopatikana kwa urahisi zaidi kwetu ni The Nutcracker ya Tchaikovsky, iliyoanza St Petersburg Desemba 1892. Shule ya Dance Centre Kenya imeipandisha zaidi ya mara moja hapo Kenya National Theatre msimu wa mwisho wa mwaka. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye kisa: mtoto wa kike anazawadiwa mwanasesere wa kupasulia njugu, usiku panya wanavamia, mwanasesere anageuka kuwa askari, wanapigana. Sehemu ya pili kisa kimekwisha, ni ngoma baada ya ngoma kumfurahisha mtoto: chokoleti ina ngoma yake ya Kihispania, chai ya Kichina, na kahawa, bila shaka, ya Kiarabu. Ngoma ya kahawa inakwenda polepole, kama buli linavyomimina. Niliona shangazi anatikisa kichwa taratibu. Ndiyo pekee aliyosema angeweza kuicheza.

Jizoeshe hapa nyumbani

Usiruke moja kwa moja kwenda mbali. Mombasa yenyewe ina Little Theatre Club pale Mnazi Mmoja, jukwaa dogo ambalo wengi wetu tuliliona kwa mara ya kwanza tukiwa na sare za shule, tumepelekwa kutazama kitabu cha mtihani kikiigizwa. Swahilipot, upande wa Fort Jesus, nako vijana hupanda jukwaani mara kwa mara. Hazitakupa okestra wala viatu vya baleti, lakini zitakuzoesha mambo ambayo hayafundishwi na televisheni: kukaa gizani na watu usiowajua, kunyamaza pamoja, na kumsikia mwigizaji akivuta pumzi.

Tiketi, na ipi ya kununua kwanza

Mpangilio wangu ni huu: thibitisha onyesho, kisha nunua tiketi ya kurudi Mombasa, kisha ya onyesho, mwisho ya kwenda. Watu hucheka, lakini fikiria Desemba. Watu wa bara wote wanashuka pwani kwa sikukuu. Treni ya kupanda ina nafasi, ya kushuka imejaa wiki kadhaa kabla. Mwaka mmoja nilifanya kinyume, nikabaki Nairobi siku mbili zaidi ninakula pesa ya karo.

Tiketi za onyesho siku hizi hulipwa kwa M-Pesa na hutumwa kwenye simu. Piga picha ya skrini mara tu inapofika, maana mlangoni kuna siku mtandao hugoma. Anayenunua mapema mara nyingi hupunguziwa. Soma tena tarehe na saa kabla ya kulipa: siku za Jumamosi na Jumapili mara nyingi huwa na maonyesho mawili, la alasiri na la jioni, na hayabadilishani.

Mtu wa Mombasa namshauri achukue la alasiri. Likianza saa tisa, saa kumi na mbili umeshatoka, unaswali Magharibi, unakula, na bado unaiwahi treni ya usiku. La jioni linakulazimisha kulala.

Wapi pa kukaa

Kiti cha mbele kabisa si cha heshima katika michezo hii. Kwa baleti ni hasara: ukingo wa jukwaa unakuficha miguu, na miguu ndiyo uliyoilipia. Kaa katikati, safu kadhaa nyuma, au juu kama kuna ghorofa. Kutoka juu unaona wachezaji ishirini wanavyotengeneza mistari na duara, jambo ambalo aliye mbele haoni ila migongo. Kwa opera, katikati pia, sauti zinakuwa zimeshachanganyika. Kwa tamthilia ya muziki, popote isipokuwa ubavuni mwa spika.

Hata hivyo, ukipata nafasi ya kuvitazama viatu vya baleti kwa karibu, usiikose. Watu hudhani mna chuma au ubao ndani. Hamna. Ncha yake ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, juu imefunikwa satini, na mchezaji mkuu anaweza kuvimaliza viatu kwa onyesho moja tu. Nilishika kimoja kilichokwisha kutumika. Nje kilikuwa kama ua, ndani kama kadibodi iliyonyeshewa. Kabla ya kuvivaa huvibamiza sakafuni ili visitoe kishindo, huvishonea utepe wenyewe, kila mmoja kwa kipimo cha mguu wake.

Mavazi

Kanzu safi inaingia popote. Buibui linaingia popote. Hakuna anayepimwa tai Nairobi. Kinachotakiwa ni kitu cha kujifunika, kwa kuwa Nairobi iko juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Makadara ya Mombasa atatetemeka usiku wa Julai mpaka asisikie fidla. Leso ya ziada kwenye mkoba imenisaidia zaidi ya koti. Kofia kubwa na kilemba cha harusini viache nyumbani, aliye nyuma naye amelipa.

Ukijaliwa kusafiri hadi Kairo, huko ni tofauti. Nyumba ya opera ya zamani iliungua 1971, iliyopo sasa ilifunguliwa 1988, na katika ukumbi wake mkubwa wanaume hutakiwa kuvaa suti na tai. Vienna, nyumba yenye sifa zote zile, inauza tiketi za kusimama kwa bei ya chini kabisa, na husimama humo watu wanaoijua opera kuliko waliokaa.

Safari yenyewe

Madaraka Express huondoka Miritini saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Hakikisha ratiba siku unayonunua. Ya asubuhi husimama njiani, Mariakani, Voi, Mtito Andei na kwengineko, na inakufikisha Nairobi mchana. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida imekuwa shilingi 1,500 na ya daraja la kwanza 4,500. Beba kitambulisho kilekile ulichonunulia tiketi.

Fika saa nzima kabla. Mizigo hupangwa mstari chini, mbwa akapita kuinusa, kisha mashine, kisha mashine nyingine. Kisu cha kumenyea embe kitabaki hapo. Chungwa la shangazi alilimenya kwa kucha. Foleni ya Changamwe haina imani na mtu, kwa hiyo anayetoka kisiwani aondoke mapema kuliko anavyodhani, na wa Likoni na Diani wapite Dongo Kundu, wasahau feri.

Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, si mjini. Teremka, panda ile treni ndogo inayounganisha hadi stesheni ya zamani katikati ya mji, na kutoka hapo ni kama nusu saa kwa miguu, au teksi. Ukumbi uko Harry Thuku Road, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwa jirani, na hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa sikukuu ya Krismasi 1904, ng'ambo ya barabara. Kwa wanaoswali, Msikiti wa Jamia unafikika kwa miguu. Na msafiri ana ruhusa ya kujumuisha Magharibi na Isha, hivyo anayekwenda onyesho la jioni asikae na wasiwasi.

Ukifika, usiingie haraka

Simama nje kidogo uitazame nyumba. Ilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, na mwigizaji wa Kiingereza Ralph Richardson ndiye aliyeifungua. Mtaani wanakamata watu, ndani wanafungua pazia.

Uhuru ulipokuja, mlango haukuwa mpana mara moja. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo walitaka kupandisha hapo tamthilia yao juu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, pamoja na ya Francis Imbuga, michezo iliyokuwa iwakilishe Kenya kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika huko Lagos mwaka uliofuata. Wakaambiwa tarehe zimeshikwa. Zimeshikwa na nini? Na baleti kutoka Ufaransa upande mmoja, na tamthilia ya muziki ya Kimarekani, ile ya vichekesho vya Roma ya kale, upande wa pili. Wakabanwa siku chache katikati. Watu walijaa, wakatoka nje wakicheza pamoja na waigizaji.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu hakikuachi uitazame baleti kijinga. Jukwaa lile lile lililonyimwa Kimathi kwa ajili ya Wafaransa, leo linakanyagwa na watoto wa Kenya, wengine wametoka mitaa ya mabanda ya Kuwinda na Kibera, wakicheza hatua zile zile za Kifaransa. Jengo lilikarabatiwa likafunguliwa upya 2015. Mtu aweza kusema sanaa ya kigeni imeshinda, au aseme wenyeji wameichukua. Mimi niko na hawa wa pili, lakini shangazi hakukubaliana nami, na hoja yake, juu ya ngoma zetu za pwani, ilikuwa kali: "Lelemama na gungu nani anawafunza?"

Ndani ya ukumbi

Kaa kitini robo saa kabla. Taa zikizimwa mlango hufungwa, na mchelewaji husubiri nje mpaka wapate nafasi ya kumpenyeza. Si kiburi, mlango ukifunguka mwanga huingia mpaka jukwaani.

Simu izime, usiipunguze sauti tu, maana mwanga wake gizani ni kama tochi ya askari doria. Kupiga picha mpaka ruhusa itangazwe. Chakula hakuna. Karanga za kwenye kikaratasi, ambazo sinema za zamani zilikuwa haziendi bila hizo, hapa zinasikika safu kumi mbele.

Makofi yana wakati wake. Mwongozaji wa okestra akiingia, anapigiwa. Katika opera, mwimbaji akimaliza wimbo mkubwa wa peke yake na muziki ukatua, piga. Katika baleti unaweza kupiga hata katikati, mchezaji akifanya la ajabu. Kama huna hakika, subiri wengine waanze, hakuna anayekuhesabu. Wanaopaza sauti husema "bravo" kwa mwanamume, "brava" kwa mwanamke, "bravi" kwa wote. Vigelegele? Nairobi nimevisikia, tena vikapokelewa kwa furaha. Havitoki kwa hofu. Ukivisikia vinatoka safu ya katikati, mpwani yupo.

Kutunza ndiko kusikokuwepo. Maua huletwa mwisho, tena kwa utaratibu wao. Mapumziko yalipofika, kama dakika ishirini, tukatoka ukumbini kunyoosha miguu, na shangazi bado ameshika ile mia mbili. Nikajaribu kumweleza tena. Akanikatiza. "Nimefahamu. Kwetu ukimtupia pesa wamheshimu. Kwao, yule kijana wa treni alimtupia Violetta, likawa tusi." Sikuwa nimeliunganisha hivyo. Akaikunja noti, akairudisha kwenye pochi, akanunua chai.

Mapumziko yatumie vizuri: msalani kwanza, foleni ya wanawake huwa ndefu, kisha pitia tena muhtasari wa sehemu inayofuata. Kengele ikilia mara ya kwanza anza kurudi. Onyesho likikuchosha kweli kweli, huu ndio wakati wa kuondoka bila kumkanyaga mtu. Si dhambi. Mimi nimewahi kuondoka kwenye opera moja ya Kijerumani nikiwa safarini ughaibuni, na siku nyingine nikarudi nikaipenda.

Kurudi

Mkimaliza, msisimame sana nje mkisalimiana. Kwa waliotoka onyesho la alasiri, panga kuwa njiani kuelekea Syokimau kabla ya saa moja na nusu usiku, kwa sababu foleni ya Mombasa Road ya jioni hula saa nzima bila kushiba, na ukaguzi wa mizigo ni uleule wa Miritini. Aliyetazama la jioni alale, apande ya saa mbili asubuhi. Usijaribu kulazimisha, nimemwona mtu anakimbia na koti la suti begani, treni inamtazama ikiondoka.

Treni ya saa nne usiku inakufikisha Miritini kama saa tisa na nusu alfajiri, wakati ambao matatu ni chache na madereva wanajitajia bei. Mpigie dereva wa tuktuk unayemjua kabla hujapanda, akusubiri, au ukae stesheni mpaka kukuche. Sisi tulikaa. Shangazi alijifunika leso, miguu akaitoa viatuni, na kila mara alipodhani sitazami, aliinua visigino kidogo akajaribu kusimamia vidole.